Kushoto Kuna Nini?

Siku Kapteni Tierney alipofungua mlango akashuka na kumwacha Masinde peke yake ndani ya helikopta, mashine inanguruma, mapanga yanazunguka, Masinde alidhani mzungu ameenda haja ndogo.

Akangoja. Kapteni akatembea mpaka ukingoni mwa malisho, akakalia debe kuukuu, akashindilia tumbaku kwenye kiko chake, kisha akainua kichwa na kumpungia mkono. Haya, nenda.

"Nenda wapi?" Masinde alipiga kelele, wala hakuna aliyemsikia.

Wacha niwaeleze vizuri, maana nawajua nyinyi, mtasema natunga. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tisa, wakati wa mvua ya masika, kwenye shamba la mzungu mmoja huko Bahati. Kampuni fulani ya kunyunyizia mashamba dawa ilikuwa na helikopta mbili Nakuru, na Masinde, kijana wa Kibukusu, alikuwa fundi wao wa injini. Siku hizo Mwafrika akipanda helikopta, basi alipanda na kitambaa cha kufutia vioo. Lakini Kapteni Tierney, Muayalandi ambaye tumbo lake liliingia mlangoni kabla yake, hakuwa kama wenzake. Siku moja alimkuta Masinde ameketi kwenye kiti cha rubani, amefumba macho, mikono inacheza hewani. Badala ya kumfokea akamuuliza, "Wewe nataka jifunza?" Masinde alishtuka hata spana ikamwanguka. Wazungu wengine walishtuka zaidi, wakasema maneno ambayo siyarudii hapa. Kapteni aliwajibu kwamba ndege haijawahi kuuliza mtu ngozi yake.

Basi wakaanza. Mkono wa kushoto unashika leva ya kupanda na kushuka. Mkono wa kulia unashika fimbo ya kwendea mbele, nyuma na kando. Miguu iko juu ya pedali za kugeuzia mkia. Na ukigusa kimoja, vingine vyote vinanuna. Ni kama kubeba debe la maji kichwani huku unamfunga mtoto mgongoni na kuku anakupita kati ya miguu. Siku ya kwanza helikopta iliyumba mpaka Masinde akatapika ndani ya kofia yake mwenyewe. Kapteni hakufoka. "Hapana vuta. Hapana sukuma," alisema kwa kile Kiswahili chake cha shamba. "Fikiria tu. Mkono tasikia." Masinde akafikiri, na kweli bwana, mkono ukasikia.

Jambo moja tu ndilo lililomfanya Kapteni awe mkali, nalo ni macho. Mko juu huko, mambo shwari, umeanza kujiona rubani, halafu ghafla anauliza: "Kushoto kuna nini?" Ilibidi ujibu papo hapo. Ukikosea, anatua, mnashuka wote wawili, mnakanyaga matope mpaka kwenye kile kitu ambacho hukukiona, na unakigusa kwa mkono wako. Masinde aligusa miti. Aligusa tangi la maji, na siku moja aligusa fahali wa watu akakimbizwa. Siku nyingine aligusa nguzo ya simu, na hapo Kapteni akamwonyesha ule waya juu yao.

"Hii naua rubani mingi," alisema. "Yeye iko nyembamba, yeye nangoja tu. Ukiona nguzo, jua iko waya. Na hapana ngoja mimi niulize. Jiulize wewe mwenyewe, saa yote."

Sasa yuko peke yake. Akavuta leva kidogo, na helikopta iliyozoea kubeba lile tumbo ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mungu wangu! Masinde alishtuka, akafikiri, mkono ukasikia. Akazunguka shamba lote. Upande mmoja aliona Menengai imejifunika mawingu, upande wa pili akaona mabati ya nyumba za wafanyakazi yanang'aa kwa mvua, akayatazama mara moja tu na kuondoa macho. Nitawaambia kwa nini. Akarudi, akatua, akazima injini, na Kapteni akaja akamshika mkono. Masinde alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja.

Hakupata nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo. Watu sita walikuwa wakikimbia kuvuka malisho, wamebeba kitanda cha kamba mabegani, na damu ilikuwa ikidondoka kutoka chini ya kitanda.

Masinde alikimbia kwenda kuwapokea. Kisha akaiona kofia ya yule mzee aliyetangulia mbele, akamjua, na papo hapo akajua ni nani aliye kitandani. Akageuka kama aliyechomwa kwa moto, akakimbilia nyuma ya helikopta na kuinamisha uso.

Yule mzee alikuwa Mzee Khisa, baba wa Truphosa, mke wa Masinde. Aliyekuwa kitandani ni mama wa Truphosa, na jina lake ni Nekoye. Nalitaja mimi kwa sababu si mkwe wangu. Masinde hakuwahi kulitaja hata ndotoni. Nyinyi vijana mnacheka, lakini kwa Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawaitani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Si chuki. Ni heshima, na heshima si utumwa. Ndiyo maana Masinde, kila walipokuja kufanya mazoezi kwenye shamba hilo, aliomba wabaki upande wa juu, mbali na nyumba za wafanyakazi walikoishi wakwe zake.

Mama huyo alikuwa akipanda mbegu nyuma ya trekta, jembe la diski likamrukia pajani. Walikuwa wamemfunga leso mbili, zote zimelowa. Gari la shamba lilikuwa limejaribu, likakwama mtoni, kwa maana daraja lilikuwa limechukuliwa na maji alfajiri ile. Hospitali ilikuwa Nakuru. Waliposikia ile mashine juu yao, walijua hakuna njia nyingine.

Kapteni hakupoteza wakati. Akawaonyesha jinsi ya kumketisha mama kwenye kiti cha kushoto, mguu umeinuliwa juu ya gunia, yeye mwenyewe akaingia kulia akawasha injini. Helikopta ikainuka kimo cha goti, ikatetemeka, ikaketi tena. Akajaribu mara ya pili. Ikanguruma, ikalia, ikaketi. Bahati iko juu sana, hewa yake nyepesi, na jua la saa sita linaifanya nyepesi zaidi. Kapteni alikuwa mzito, na mama naye alilishwa akashiba, tusifichane.

Kapteni akashuka, uso umemwiva. "Masinde! Kuja hapa. Wewe iko kama kuku ya kunyeshewa. Wewe napeleka yeye."

"Siwezi, Kapteni."

"Kwa nini? Sasa hivi wewe naruka mzuri."

"Ni mama mkwe wangu."

Kapteni alimtazama. "Vizuri! Basi peleka haraka!"

"Kapteni, hujaelewa. Siwezi kukaa naye. Hata kumwona siwezi." Masinde akazidi kuinamisha uso. "Ni mwiko."

Kapteni alikuwa mwalimu wa kweli, na mwalimu wa kweli anajua kuna somo ambalo si lake. Akageuka akamtazama Mzee Khisa.

Mzee alikuwa amepigwa na butwaa. "Mkwe wangu akae na mama mkwe wake bega kwa bega?" alisema. "Ndani ya kibanda cha kioo, watu wote wakiona? Ala! Tangu lini?" Wale wanaume wengine waliangalia viatu vyao. Mzee akatazama leso zile, akatazama damu iliyokuwa ikidondoka kwenye gunia.

"Kondoo wa kuwatakasa tunaye," alisema hatimaye. "Mke mwingine kama huyu sina. Mfunikeni blanketi. Na wewe, mtoto wangu, nenda. Lakini usimtazame. Nimesema usimtazame."

Wakamfunika mama blanketi la kijivu, kuanzia kichwani. Masinde akapanda, shingo imegeukia kulia kama mtu aliyelalia vibaya. Kapteni akamfunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe. "Fika Milimani, pita juu ya nyumba, geuka, tua kwa uwanja ya hospitali. Polepole." Kisha akamgonga kifuani kwa kidole. "Macho, Masinde. Macho."

Wakaruka.

Nataka mfikirie safari ile. Bega la mama mkwe wake lilikuwa likimgusa kila helikopta ilipoyumba, na kila lilipomgusa, Masinde alijikunyata mpaka mlango ukambana mbavu. Aliona aibu, aibu nzito, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Alisikia mama akiguna chini ya blanketi. Alitaka kumwambia, vumilia mama, tunafika. Lakini angemsemesha vipi? Akakaza macho kulia. Kulia aliona ukingo wa Menengai, mawingu yamekaa juu yake, na mawingu hayo yakamsukuma chini, chini zaidi, mpaka akawa anapita juu ya miti ya Milimani na mapaa mekundu ya wazungu. Mwanamke mmoja wa kizungu aliyekuwa akikata maua aliinua uso, akaona aliyeshika fimbo ni nani, na kikapu kikamponyoka mkononi.

Hospitali ilikuwa mbele. Ilibidi ageuke kushoto ili atue akikabili upepo. Kushoto kuna nini? Swali lilimjia lenyewe, kwa sauti ya Kapteni. Na Masinde, ambaye angeweza kukutajia kila mti kutoka Njoro hadi Bahati, alijijibu: kushoto kuna mama mkwe. Basi. Hakugeuza shingo. Alisukuma fimbo kushoto akiwa ametazama kulia.

"Masinde!"

Mkono ulitoka chini ya blanketi ukamkamata bega.

"Masinde wee! Nyaya hizo!"

Nani ameita? Sekunde moja nzima hakuelewa. Kisha shingo ikageuka yenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamwona. Blanketi lilikuwa limeanguka. Uso mkavu kama majivu, macho yametoka, kidole kinaonyesha. Na nyuma ya kidole, karibu kabisa, nyaya za umeme zilikuwa zikiteremka kutoka kilimani, nyembamba, zinangoja tu.

Mkono wake wa kushoto ulitaka kuvuta leva kwa nguvu zote. Hapana vuta. Akafikiri: kulia. Mkono ukasikia. Mguu ukasikia. Helikopta ikalala ubavu, dunia nzima ikapanda upande mmoja, nyaya zikapita chini ya mkia hivi, karibu kabisa, na mama akapiga yowe ambalo hata injini haikuliweza. Kisha wakawa wima tena, na mbele yao uwanja wa hospitali, wauguzi wanakimbia wameshika kofia zao.

Alitua. Sijui alituaje, hata yeye hajui. Wauguzi wakamtoa mama, wakamlaza kwenye machela, wakaondoka naye mbio. Blanketi lilibaki kwenye kiti. Masinde alikaa pale pale, ameshika fimbo ya mashine iliyozimwa, mpaka askari wa hospitali akaja kumuuliza kama naye ni mgonjwa.

Jioni Kapteni alivuka mto kwa miguu, akafika kwa lori la maziwa, matope mpaka magotini. Daktari alikuwa ameshona, ametia damu ya watu wengine, na amesema kwamba wangechelewa kidogo tu wangeleta maiti. Kapteni akampata Masinde kwenye ngazi za nje.

"Sikutazama kushoto," Masinde akasema kabla ya kusalimiwa. "Nilikuwa namuua, Kapteni. Nilikuwa namuua mama wa mke wangu kwa sababu ya kumheshimu. Yeye ndiye aliyetazama." Machozi yakamtoka mbele ya mzungu na hakuyafuta. "Siendeshi tena. Nirudishe kwa spana zangu."

Kapteni alivuta kiko chake mpaka kikazima.

Nyumbani, Truphosa alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama, mwiko wa ugali mkononi. Habari ya jembe ilimtoa machozi. Habari ya nyaya ilimfanya ashike kifua. Lakini iliyomkalisha sakafuni ni nyingine.

"Mama alikuita jina?"

"Aliniita."

"Jina lako? Masinde?"

"Mara mbili."

"Na akakushika?"

"Bega hili."

Truphosa akaweka mkono mdomoni. "Basi alikupenda kuliko alivyoogopa," alisema, na usiku ule Masinde hakulala.

Mama alikaa hospitalini hadi mvua zikapungua. Mguu ulipona, ingawa tangu hapo alitembea kwa mkongojo. Mzee Khisa akachinja kondoo, watu wakatakaswa, kila kitu kikarudi mahali pake, yaani Masinde akiwa huku na mama mkwe akiwa kule. Maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini unaweza kufuta sakafu. Na Masinde alifunga boliti, akafungua boliti, na hakukanyaga kiti cha rubani. Kila alipokitazama, aliona kidole kile na nyaya zile. Alikuwa amepoteza kitu alichokipenda kuliko vyote baada ya mkewe, na alijua kwamba hakustahili kukirudishiwa.

Asubuhi moja Kapteni alimwita uwanjani. Masinde alipofika, alishtuka akarudi nyuma. Kwenye kiti cha kushoto palikuwa na mtu mkubwa amefunikwa blanketi la kijivu kuanzia kichwani. Lilelile. Lilikuwa limefuliwa.

"Ingia," sauti ya Kapteni ikasema kutoka ndani ya blanketi. "Mimi mama mkwe yako."

"Kapteni, tafadhali."

"Hapana Kapteni. Mama mkwe. Leo, kesho, mwezi mzima, mimi nakaa hapa na blanketi. Mpaka shingo yako najua kwamba kutazama kushoto hapana tazama mimi. Natazama ile iko nyuma yangu. Mimi nasema macho, macho, lakini mimi hapana uliza wewe nini nafanya kama mtu ya mwiko nakaa hapo. Hiyo makosa yangu. Ingia, Masinde."

Masinde alisimama pale, jua linampiga, mafundi wenzake wamekodoa macho. Wa kwanza alicheka. Wa pili akacheka. Masinde hakucheka. Akapanda, akafunga mkanda, akawasha injini.

Wakapanda juu. "Kushoto kuna nini?" blanketi likauliza.

Shingo ilikataa. Ikawa kama bawaba yenye kutu. Akailazimisha. Akapita ule mlima wa kijivu kwa macho, akatazama nje. "Mti. Reli. Moshi wa gari-moshi."

"Tena."

Wakazunguka bega la Menengai, wakafika Bahati. Hewa ya asubuhi ilikuwa bado na nguvu, ikawabeba wote wawili. Chini yao watu walitoka nje ya nyumba za mabati, watoto wakakimbia, kama kawaida. Masinde alitaka kupita haraka.

"Kushoto kuna nini?"

Akatazama. Kushoto palikuwa na nguzo za simu za kwenda nyumba ya mwenye shamba. Na karibu na nguzo hizo, peke yake katikati ya shamba, alisimama mwanamke mnene mwenye mkongojo. Alikuwa amejifunika leso uso mzima, kama mila inavyotaka. Hakumtazama mkwe wake, hata kidogo. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeinuliwa juu, umenyooka, na kidole kilikuwa kikionyesha waya, na mkono ukafuata helikopta ilivyokwenda, haukushuka.

"Masinde! Nimeuliza. Kushoto kuna nini?"

"Kuna waya, Kapteni. Na kuna mama."

Kapteni akainua pindo la blanketi, akachungulia chini. "Mama nani?"

"Mama yangu," Masinde akasema, na hapo akashtuka, kwa maana mdomo ulikuwa umeshatangulia.